Mama Hakuteleza

Tena, Nairobi
14 Juni 2025

Kwako Baba yangu mpendwa, Mzee Luseno,

Mirembe, Baba.

Nakusalimu kwanza, maana ulitulea ukisema hata mwenye kesi hupiga hodi kabla ya kufungua mdomo. Goti linaendeleaje na baridi hii ya Juni? Ile dawa ya kuchua niliyompa mke wa mchungaji akuletee ilifika, au iliishia kwa wenye magoti ya njiani? Na ng'ombe je, amezaa? Mama humuulizia huyo ng'ombe kila asubuhi kabla hajakuulizia wewe, na usimnunie kwa hilo. Naomba pia uwafikishie salamu wazee wa kanisa pale Chavakali, na umwambie shangazi kwamba maharagwe yake yalifika na tumeyala yakaisha.

Huku tunapumua. Mama bado yuko kwangu Umoja, anakula vizuri, na macho yaliyomleta Nairobi yalipimwa akapewa miwani. Mimi ni mzima wa mwili. Moyoni nina hasira, Baba, hasira ambayo kwa wiki tatu nimekwenda nayo kazini na kurudi nayo, na leo nimeamua kuitua kwenye karatasi. Ukiona mahali kalamu imetoboa, ujue ni hapo.

Utauliza kwa nini barua wakati simu ipo. Simu ipo, lakini kila nikikupigia nikiwa pale nyumbani kwako Tena, anakoishi ndugu yangu, ukishasikia ni mimi husema, "Haya, nipe Dishon." Hata salamu hatumalizi. Nimeambiwa "nipe Dishon" mpaka siku moja karibu niitike kwa jina hilo. Isitoshe, miaka yote uliyokuwa karani wa stoo kule kiwandani ulituambia kwamba neno lisiloandikwa halina mwenyewe. Basi nimeandika, na mwenyewe ni mimi. Naomba uisome peke yako, ukiwa umeketi, wala usimpe jirani akusomee kwa sauti.

Baba, Mama hakuteleza.

Najua ndivyo ulivyoambiwa, kwamba aliingia bafuni, akateleza, akaangukia mkono. Dishon ndiye aliyekupigia simu akakwambia hivyo, Mama mwenyewe akaitikia, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale kando ya kitanda cha hospitali nikanyamaza. Tulidanganya watatu. Mama alipigwa na stima. Ilimshika mkono wa kulia kwenye bomba la maji la nyumbani kwako, ndani ya bafu ulilolisifu, chini ya ile shawa ya maji moto aliyoifunga mwanao.

Nakueleza ilivyokuwa, kama nilivyoelezwa na Amondi, mke wa Dishon, ambaye ndiye aliyekuwepo. Ilikuwa Jumamosi, tarehe ishirini na nne Mei, saa nne asubuhi. Unamjua Mama, hawezi kukaa kwa mtu bila kushika kazi. Alikuwa ameomba brashi na sabuni akasugua lile bafu tangu ukutani hadi sakafuni, mpaka Amondi akaona haya kwa uchafu ambao hakujua upo. Alipomaliza akasema sasa anaoga.

Mlangoni pa lile bafu huning'inia sapatu za mpira, jozi moja ya bluu, za kila mtu. Hakuna anayeoga bila hizo. Dishon alikuwa amemwambia Mama siku aliyofika, "Mama, ukienda kuoga vaa sapatu," akaondoka zake. Hakusema kwa nini, na mimi naelewa kwa nini hakusema. Mwanamume mzima hawezi kusimama mbele ya mama yake akamweleza habari za kuoga kwake. Amondi naye alidhani mumewe ameshaeleza. Basi Mama akaelewa alivyoelewa, kwamba sapatu ni za kujikinga na uchafu wa sakafu. Na siku hiyo sakafu alikuwa ameisugua kwa mkono wake, inang'aa. Alisema baadaye kwamba aliona vibaya kuingia na sapatu zilizotoka kukanyaga uani, zichafue alichosafisha. Akaziacha mlangoni, akaingia miguu mitupu juu ya sakafu yenye maji.

Wiki hiyo mfereji ulikuwa mkavu. Kwenye tangi la juu walikuwa wamejaza maji ya lori, yale ya kisima, ambayo ukiyachemshia chai unahisi chumvi. Maji ya chumvi hubeba stima upesi kuliko maji matamu, Baba. Alifungua bomba la chuma kwa mkono wa kulia, likamshika. Amondi anasema hakusikia kelele, alisikia kishindo tu. Uzito wa mwili wake ndio uliomwokoa, kwa kuwa alipoanguka mkono uling'oka kwenye bomba. Majirani waliokuja kwa mayowe ya Amondi walimpigia kelele azime stima ya nyumba nzima kabla hajamgusa mama mkwe wake. La sivyo, leo ungekuwa unasoma habari za watu wawili.

Kiganja chake kiliungua. Ngozi imepona, lakini kidole gumba na cha shahada havikunjiki. Daktari anasema mishipa ya fahamu ndiyo iliyoumia, huenda ikarudi, huenda isirudi. Huyu ni mwanamke aliyeshona yunifomu za nusu ya watoto wa mtaa huu. Watu wa Tena wa zamani hawamwiti Mama Asenath wala Mama Dishon, humwita Fundi. Sasa asubuhi ananiita nimfunge vifungo vya blauzi.

Na hapo kwenye hilo neno, fundi, ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu ndilo lililotufikisha hapa.

Januari ulipoamua kujenga vile vyumba vinne vya kupangisha nyuma ya nyumba, na kutengeneza bafu upya, nilikuja Chavakali mwenyewe. Nilikuchorea kwenye karatasi njia za nyaya zote, chumba kwa chumba. Nilikwambia unene wa waya unaotakiwa kwa shawa ya maji moto na kwa nini. Mimi nina miaka kumi na moja nikishughulika na stima ya viwandani, nina leseni, nina wanaume sita wanaoniita bosi na kunisubiri niseme "washa" ndipo wawashe. Uliikunja ile karatasi mara nne ukaitia mfukoni. Ukaniuliza kama nataka watu wa Tena wamwone binti yako akining'inia kwenye paa la babake akiwa amevaa suruali. Kisha ukasema fundi tunaye nyumbani, Dishon yupo, kwani si fundi?

Ni fundi, ndiyo. Ni fundi wa simu! Ana kibanda Mutindwa, anabadilisha vioo vya simu na betri, na kazi hiyo anaijua, simkatai. Nilipokuuliza simu na nyumba vinahusianaje ulinijibu kwamba fundi ni fundi, kwamba mtu anayefungua kitu kidogo vile na kukifunga tena atashindwaje na kitu kikubwa kama nyumba. Wazee waliokuwa barazani wakacheka, nawe ukafurahi kwamba wamecheka. Kwa hesabu hiyo, Baba, Mama naye ni fundi, ungempa akufungie stima kwa uzi na sindano. Na anayetengeneza viatu pale stejini ni fundi pia. Lugha yetu imewapa watu hawa wote jina moja, lakini stima haijui Kiswahili.

Kazi ndogo mtu hujifanyia. Kupaka rangi, kupigilia msumari, kubadilisha bawaba ya mlango, nani anamwita mtu? Ukikosea rangi unapaka tena. Lakini kuna kazi ambazo ukikosea hupewi nafasi ya pili, na hizo ndizo za kumwita mwenye kuzisomea, awe binti, awe mgeni, awe hata adui yako. Hilo ndilo nililotaka kukwambia Januari, na hukunipa dakika ya kulimaliza.

Sasa sikia alichofanya fundi wako. Kila nyumba ina waya wa kijani. Waya huo hushuka hadi kwenye chuma kilichochimbiwa ardhini, na kazi yake ni moja tu: stima ikipotea njia, iteremke ardhini badala ya kupita ndani ya mtu. Dishon aliupima akaona hauna stima, akasema basi huu ni wa bure, akaukata. Hakuutupa, maana alifunzwa na wewe kutotupa vitu. Aliufunga nyuma ya nyumba kutoka nguzo hadi nguzo, na Amondi akawa anaanikia nguo. Mashuka yenu yalianikwa juu ya kitu kilichotakiwa kumlinda Mama.

Halafu kwenye boksi la stima kulikuwa na ile swichi ya usalama, inayojikata yenyewe stima ikivuja. Iliwekwa na yule mtu uliyempa kazi wakati unanunua nyumba, na alijua kazi yake. Baada ya shawa kufungwa, kila mtu akioga, swichi inajikata. Nyumba nzima giza. Swichi ilikuwa inawaambia, jamani, kuna kitu kinavuja huku. Dishon akasema hiyo swichi imezeeka, ina kiherehere, akaitoa, akaunga nyaya moja kwa moja. Ulipopiga simu akakwambia tatizo limekwisha, na ukamwambia umebarikiwa kuwa na mtoto wa kiume.

Baadaye watu wakaanza kutekenywa na maji. Ndivyo wanavyosema wenyewe, "hiyo shawa inatekenya," na wanacheka. Badala ya kumtafuta mtu aliyesomea, wakatafuta sapatu. Na usidhani ni nyumba yako peke yake. Tembea huku kwetu kutoka Tena hadi Umoja, mlango wa bafu kwa mlango wa bafu, utaziona sapatu zimening'inizwa kama ndizo fundi. Mtu ametia shawa ya moto, ametia vigae, ametia na kioo, ila maisha yake ameyaweka juu ya raba ya bei ya mandazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo mlivyotufundisha, na sasa nyinyi mnautundikia ufa pazia.

Nilijua hasira yangu ingepoa kama ungetulia. Lakini hukutulia. Wiki moja baada ya Mama kutoka hospitali, akiwa kwangu na bendeji, ulimpigia Dishon ukamwagiza amalize stima ya vile vyumba vinne, kwa sababu wapangaji wanaingia mwisho wa mwezi huu. Chumba cha kwanza ni cha mwalimu wa nasari, mama wa watoto wawili. Nilimwona amekuja kupima pazia. Watoto wake walikuwa wanakimbizana chini ya ule waya wa nguo.

Basi siku ya Jumanne sikuenda kazini. Nilikwenda Tena, nikafungua boksi, nikaikata stima ya nyumba nzima pamoja na vyumba vyote, nikatia kufuli yangu ya kazini, ile ambayo ufunguo wake ni mmoja. Dishon akaja mbio kutoka Mutindwa. Tuligombana pale uani mbele ya watu, Baba, na sitakuficha, nilimwita muuaji. Alinijibu kwa Sheng yake kwamba nimezidi kujiona, kwamba nimekuja kumwangusha mbele ya mtaa, eti, "Unanichomea picha hapa kwa mabeshte, na Buda ndiye alisema nimade hii kazi." Yaani namwaibisha mbele ya marafiki zake, na wewe ndiye uliyemwambia aimalize kazi. Kisha akakupigia. Nakumbuka ulivyosema, kwa kuwa aliweka sauti ya nje. Ulisema nifungue kufuli. Ulisema Mama kuteleza si kosa la stima. Na ulisema tangu utotoni nina wivu na ndugu yangu.

Kufuli sikuifungua. Dishon nilipomwonyesha, hatua kwa hatua, waya kwa waya, alikaa chini kwenye ndoo akalia kwa sauti. Kumbe hakujua. Alidhani Mama alishika bomba vibaya, alidhani ni maji ya chumvi tu, alidhani mambo mengi. Usimfokee. Nilikuja pale nikiwa tayari kumfokea mwezi mzima, na nilipomwona analia nikaketi chini kando ya ile ndoo.

Nimefika pagumu. Nimeshaweka kalamu chini mara mbili, nikaletewa chai ambayo sijainywa.

Uliposema nina wivu, niliwaka kwa sababu ni kweli.

Pasaka nilikuja pale Tena kula na akina Dishon. Mama hakuwepo, alikuwa na wewe. Niliingia bafuni kunawa mikono, bomba likanitekenya. Mimi si mtu wa kucheka na kitu kama hicho. Testa yangu, ile bisibisi inayowaka taa ikigusa stima, huwa nayo kwenye mkoba, kama wanawake wengine wanavyobeba kioo. Niliigusisha kwenye bomba, ikawaka. Ikawaka vizuri, Baba, si kwa kusitasita. Nikafungua boksi la stima lililo koridoni nikaona swichi ya usalama haipo. Nilichukua dakika mbili kujua kila kitu nilichokueleza katika barua hii.

Nikairudisha testa mkobani, nikarudi sebuleni. Ulikuwa kwenye simu, sauti ya nje, unamwita Dishon injinia wangu. Amondi akakwambia Asenath naye yupo. Ukasema, "Haya, mpeni chapati." Nikala chapati. Nikakaa hadi saa kumi, nikaaga, nikaondoka, na sikusema neno.

Najua nilichokuwa nakiwaza, kwa hiyo sitasema nilisahau. Nilitaka kitu kiungue. Si mtu, Mungu ni shahidi yangu, nilitaka televisheni iungue, au friji, au ukuta ushike moshi kidogo, Dishon aaibike, nawe ujue kwamba fundi si jina tu, ukunjue ile karatasi uliyoitia mfukoni na unipigie simu. Nilitaka unipigie simu. Nilingoja simu hiyo tangu Pasaka hadi Aprili ikaisha. Niliwaambia hata wenzangu kazini, kwa kicheko, kwamba kuna nyumba moja Tena nasubiri inililie.

Mama akaja Mei kwa ajili ya macho, akafikia kwa Dishon. Alioga pale siku tisa kabla ya Jumamosi ile. Zote tisa nilijua. Nilikuwa namjulia hali kwa simu kila jioni, namuuliza amekula nini, amelalaje. Nilijiambia kwamba zipo sapatu. Mimi, mwenye leseni, mimi ninayewafukuza watu kazini kwa kugusa mashine bila kufunga swichi, nilijiambia kwamba zipo sapatu. Nilikuwa nimepanga kuja Jumapili nimwambie, na niliichagua Jumapili kwa sababu Dishon angekuwepo asikie.

Kwa hiyo nilipomwita ndugu yangu muuaji pale uani, nilikuwa nalitafutia neno hilo mahali pa kulitua. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na sikuombi pole. Nakuandikia kwa sababu umemsikia Dishon akidanganya, umemsikia Mama akidanganya, lakini wangu ndio uwongo mkubwa, nao hukuusikia kwa kuwa ulikuwa kimya.

Mama nilimwambia juzi, Alhamisi asubuhi, nikiwa namfunga vifungo. Nilimwambia yote, ya testa, ya chapati na ya siku tisa. Aliniambia nimalize kifungo cha juu. Kisha akautazama ule mkono, akasema amezaa mafundi wawili, mmoja hakujua na mmoja alijua, na kwamba yule asiyejua anaweza kufundishwa. Hakupaza sauti. Afadhali angenipiga.

Nikamwambia nimechukua likizo ya wiki moja, nitaing'oa kazi yote ya Dishon na kuifanya upya kwa mikono yangu, bure, mpaka waya wa mwisho. Nilidhani hilo litamfurahisha. Akakataa. Alisema atafutwe fundi mwingine, mwenye leseni, asiye mtoto wake. Nilijaribu kumweleza kwamba Tena nzima hatapata anayeijua kazi hii kuliko mimi. Alisema anajua.

Basi nikaenda Ziwani nikamtafuta Bwana Nyamai, mzee wa Kikamba aliyenifundisha kazi nilipotoka chuoni, na Mama hajawahi kumwona. Amekuja leo asubuhi. Nimempa ufunguo wa kufuli na orodha ya makosa yote, ukurasa mmoja na nusu. Mama alidai aletwe, nikamleta, akakalishwa kwenye kiti pale uani. Kabla Nyamai hajaingia ndani, Mama alimwita. Nilidhani atamuuliza habari za leseni, au kazi itachukua siku ngapi. Alimuuliza swali moja, kama katika nyumba hii kuna mtu yeyote aliyewahi kumkosea. Mzee Nyamai alicheka, akasema, mama, siwajui isipokuwa huyu msichana, na huyu hajanikosea. Mama hakucheka. Alisema vizuri, ingia ufanye kazi.

Ndipo nilipotoa karatasi nianze kukuandikia, nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya nje. Amondi ameshautoa ule waya wa nguo. Dishon yuko ndani anashikilia tochi na kuuliza maswali kama mwanafunzi. Mimi nimeambiwa na Mama nikae hapa nje.

Nakuomba mambo mawili, Baba. Mpigie mwalimu wa nasari umwambie hataingia kwenye kile chumba mpaka Nyamai atie sahihi, hata ikipita mwisho wa mwezi. Na ukimaliza kuisoma barua hii, piga simu ya Mama. Usiseme nipe Dishon, wala usiseme nipe Asenath. Zungumza naye mwenyewe, umuulize mkono unaendeleaje, na umngoje ajibu.

Amondi anakusalimu, na watoto wake wanauliza utawaletea miwa lini. Mama anasema ng'ombe akizaa dume asiuzwe kabla yeye hajarudi. Mungu akutunze, akulindie goti, akupe na subira ya kunisoma hadi hapa.

Ni mimi binti yako, niliyejua,

Asenath Luseno